Jina, kitambulisho au utambulisho wa programu?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Natengeneza programu za simu hapa Morogoro, na sasa naandika mwongozo wa Kiswahili wa kuwafundisha vijana wenzangu. Mfano tunaoutumia ni programu ya kuweka kumbukumbu za mifugo, tumeiita Ng'ombe Wangu. Hatua ya kwanza niliandika: "Badilisha jina la programu." Watu watatu wakafanya mambo matatu tofauti. Ule mfuatano wa maneno na nukta, kama tz.co.mfano.ngombe, niuite jina, kitambulisho, utambulisho au jina la kifurushi? Je, "usanidi" na "mipangilio" ni kitu kimoja? Na kuna mwenzangu anasema tufute ile alama ya juu kwenye Ng'ombe kwa sababu inaleta hitilafu. Ni sawa?

JIBU: Marahaba. Wenzako hao watatu wote walikutii. Nadhani mmoja alibadilisha maandishi yanayoonekana chini ya ikoni, wa pili akabadilisha ule mfuatano wenye nukta, wa tatu akabadilisha jina la folda ya mradi. Kila kimoja katika hivyo mtu anaweza kukiita jina la programu bila kukosea Kiswahili. Bado hujagusa jina la dukani, lile ambalo Google Play na App Store hulitengea nafasi ya herufi 30 tu, na ambalo si lazima lifanane na lililo chini ya ikoni. Neno moja limebebeshwa mizigo minne, na msomaji ameachiwa abahatishe.

Tuanze na kitenzi tambua. Kutokana nacho tunapata tambulisha, kisha nomino mbili: kitambulisho na utambulisho. Si maneno ya kubadilishana. Kiambishi ki- pamoja na -o ya mwisho mara nyingi hutupa kifaa, kitu cha kufanyia kazi: kifuniko hufunika, kizibo huziba, kifagio hufagia. Kitambulisho basi ni kile kitu chenyewe unachokionyesha ili utambuliwe. U- hutupa tendo au hali nzima. Ndiyo maana ukienda mahali bila kitambulisho unaambiwa ulete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Hakuna anayesema "barua ya kitambulisho". Mtendaji hakupi kifaa, anakutambulisha kwa maandishi.

Katika mwongozo wako, mfuatano ule wa tz.co.mfano.ngombe uite kitambulisho cha programu. Kwenye Android ndio unaoandikwa mbele ya neno applicationId ndani ya faili la build.gradle, na kwenye iPhone una nafasi yake katika mradi wa Xcode, zana ya Apple ya kutengenezea programu. Neno utambulisho liweke kwenye kichwa cha sura nzima, maana linakusanya yote: jina, ikoni, kitambulisho, namba ya toleo, na saini inayothibitisha kwamba programu imetoka kwako.

Tofauti ya jina na kitambulisho Watanzania tunaiishi kila siku. Binti akiolewa anaweza kuchukua jina la mumewe. Mtu anaweza kula kiapo akabadili jina lote. Namba yake ya NIDA, zile tarakimu 20, inabaki ileile. Jina ni la watu kumwitia, namba ni ya mfumo kumjulia. Programu nayo ni hivyohivyo. Leo unaweza kuiita Ng'ombe Wangu, mwakani ukaiita Zizi, na simu ya mfugaji ikapokea toleo jipya bila shida, kwa kuwa kitambulisho hakikuguswa. Ukikigusa kitambulisho, hata kwa herufi moja, umezaa programu nyingine. Google Play hairuhusu ukibadilishe baada ya kuchapisha, na Apple hufunga mlango huo mara tu unapopakia faili la kwanza la programu.

(Wasomaji wa Kenya watakumbuka kwamba wazee wao hukiita kitambulisho "kipande". Neno hilo lina kidonda. Tangu miaka ya 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa na serikali ya kikoloni kubeba kipande ndani ya kijisanduku cha chuma, wengi wakikining'iniza shingoni. Kwa hiyo nikisema kitambulisho kimegawanyika katika vipande vinavyotenganishwa na nukta, namaanisha sehemu tu.)

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Miaka michache iliyopita nilihariri mwongozo wa programu ya kikundi cha akiba na mikopo. Sentensi ya "badilisha jina la programu liendane na kikundi chako" ilipita mbele ya macho yangu na sikuisimamisha. Ilikuwa sanifu kabisa, ngeli zake zimenyooka. Kijana aliyeusoma akabadilisha kitambulisho. Wanachama waliposakinisha kile walichodhani ni toleo jipya, wakaona ikoni mbili zenye jina moja na rangi moja. Ya zamani ilikuwa na hisa zao zote, mpya ilikuwa tupu. Mweka hazina, mama wa makamo, alinipigia simu: "Mwanangu, hisa zetu zimekwenda wapi?" Hazikuwa zimepotea. Kila kitambulisho kina ghala lake ndani ya simu, na programu mpya haikuwa na ruhusa ya kuingia ghala la jirani. Ilichukua siku kadhaa kuwatuliza. Tangu hapo sihariri sentensi yenye neno "jina" bila kuuliza: jina lipi?

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Badilisha jina linaloonekana chini ya ikoni. Kitambulisho kiache kama kilivyo." Na pale unapotaka kibadilishwe, kabla programu haijachapishwa, sema waziwazi: "Weka kitambulisho chako mwenyewe sasa, kwa sababu baada ya kuchapisha hutaweza kukibadilisha." Miradi mingi ya Flutter, zana ya Google ya kutengenezea programu, huanza na kitambulisho cha mfano kinachoanza na com.example, na Google Play hukikataa, kwa hiyo hatua hiyo haikwepeki.

Kuhusu "jina la kifurushi", nakushauri uliache. Najua limetoka wapi: ni tafsiri ya istilahi za Android na Apple, na kikamusi halina kosa. Lakini muulize kijana yeyote wa Msamvu, hapo Morogoro, kifurushi ni nini. Atakwambia ni cha wiki au cha mwezi, ni bando. Istilahi inayomfanya msomaji afikirie salio la intaneti katikati ya somo la usanidi haijamsaidia. Wengine hupendekeza "kitambulishi", na umbo lake ni zuri, linafuata njia ya kiunganishi na kiambishi. Mimi ningelihifadhi kwa majina ya vigeu (variables) ndani ya msimbo (code), ambako linahitajika zaidi. Kitambulisho mtu analo mfukoni tayari, halihitaji kufundishwa.

Sasa usanidi na mipangilio. Simu yoyote ya Android ukiiweka kwa Kiswahili itakuonyesha Mipangilio: mwangaza, sauti, lugha. Hiyo ni kazi ya mwenye simu, anaibadilisha leo na kuirudisha kesho. Usanidi ni kazi yako wewe mtengenezaji, unaifanya kabla programu haijamfikia mtu: programu itaitwaje, itahitaji Android ya toleo gani kwenda juu, itaomba ruhusa zipi, itatiwa saini kwa ufunguo upi. Tenganisha hivyo na hutakosea: mipangilio ya mtumiaji, usanidi wa mradi. Faili la build.gradle ni faili la usanidi. Ukurasa ndani ya Ng'ombe Wangu ambapo mfugaji anachagua kilo au lita ni ukurasa wa mipangilio.

Wapo wanaosema kusanidi wakimaanisha kuiingiza programu kwenye simu. Hapo tunalo neno sakinisha, na asili yake inapendeza: kusakini ni kukaa mahali, kufanya makazi. Programu inasakinishwa, yaani inapewa makazi simuni. Tukiliacha sanidi lifanye kazi zote mbili tutarudi kwenye mzigo uleule wa neno jina.

Kuna mahali pamoja ambapo sarufi yetu imelitangulia somo lako, na ningependa vijana wako walione. Watengenezaji wengi huweka toleo la majaribio na toleo la kazi kwenye simu moja. Kwa kuwa simu haiwezi kubeba programu mbili zenye kitambulisho kimoja, huongeza kipande mwishoni mwa kile cha majaribio, mathalani tz.co.mfano.ngombe.majaribio, na usanidi wa Android una nafasi maalumu ya kipande hicho. Kiswahili chake ni kiambishi tamati. Kila aliyepita kidato cha pili amechambua kiambishi tamati katika "wanapigana". Mzizi haubadiliki, kinachopachikwa mwishoni ndicho kinacholeta tofauti. Usitafute istilahi mpya hapo.

Toleo halina ugomvi mkubwa. Jina la toleo, kama 1.4.2, ni la watu kusoma. Namba ya toleo, kwenye Android, ni namba nzima ambayo sharti ipande kila unapopeleka dukani. Ziandike kwa majina hayo mawili na usiseme "toleo" peke yake pale msomaji anapotakiwa kubadilisha mojawapo. Na programu ni ya ngeli ya I-/ZI-: programu hii, programu hizi. "Maprogramu" yaache kijiweni.

Jambo dogo la uandishi ambalo limenisumbua katika rasimu nyingi: usimalizie sentensi kwa kitambulisho. Ukiandika "weka tz.co.mfano.ngombe" kisha ukatia nukta ya kufunga sentensi, msomaji ataikopi pamoja nayo na mradi utakataa. Ipindue sentensi ili kitambulisho kikae katikati, au kipe mstari wake peke yake. Unapokisoma kwa sauti sema nukta. Mitaani tunasema doti, lakini nukta kila mtu anaielewa. Alama nyingine mbili zipe majina yake, kistari (-) na kistari cha chini (_), kwa sababu hapo sheria zinapishana: Android inakubali kistari cha chini na kukataa kistari, Apple inakubali kistari na kukataa kistari cha chini. Ukitaka kitambulisho kimoja kwa simu zote, usitumie chochote kati ya hivyo.

Nimeliacha la ng'ombe mwisho kwa sababu ndilo lililonigusa zaidi. Ile alama inaitwa ritifaa, na mwenzako amesema kweli nusu. Ndani ya kitambulisho ritifaa hairuhusiwi kabisa. Panapokelewa herufi, tarakimu na hizo alama chache nilizozitaja. Hapo andika ngombe, hakuna hasara, maana kitambulisho hakitamkwi na mfugaji. Lakini jina lililo chini ya ikoni ni Kiswahili, na katika Kiswahili ng' na ng ni sauti mbili. Kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, ngoa ni wivu na tamaa. Mtoto anayejifunza kusoma kwenye simu ya baba yake akikutana na "Ngombe" kila siku, atalitamka kwa sauti ya ngoma, na programu yako itakuwa imemfundisha hivyo.

Hitilafu anayoisema mwenzako inatoka kwenye strings.xml, faili la Android linalotunza maandishi ya programu, ambamo ritifaa ina kazi nyingine. Dawa yake si kuifuta. Itangulize na mkwaju unaolalia nyuma, na mfumo utaisoma kama herufi ya kawaida. Mstari wako uwe hivi:

<string name="app_name">Ng\'ombe Wangu</string>

Mkwaju huo hautaonekana kwenye simu. Ritifaa itaonekana.