Magharibi imenikuta kwenye theluji

SWALI: Shekhe, juzi narudi nyumbani theluji inamwagika balaa, waipa zimeganda, magharibi ikanikuta njiani nikapaki pembeni nikasali nimekaa kwenye siti. Imeswihi kweli?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, umefanya vizuri kupaki maana wapo wanaosali huku wameshika usukani, jamani! Qurani 2:239 imeruhusu mwenye hofu asali akitembea au amepanda kipando, ila kama ungeweza kushuka ukasimama salama basi irudie, mimi ningeirudia. Siku nyingine safari ikiwa ndefu, kilomita 80 na zaidi, sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, tunaruhusiwa kuchelewesha magharibi tuisali na isha hukohuko njiani, utie nia hiyo ya kuchelewesha kabla wakati wa magharibi haujatoka. Magharibi haipunguzwi lakini, ni rakaa 3 zilezile, isha ndo inakuwa 2.