Mwalimu Anajibu: Kombe la Ufaulu

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huku Iramba, Singida. Nimeingizwa kwenye kikundi cha kupanga tuzo za elimu za kata yetu. Pendekezo lililopo ni kwamba shule yenye asilimia kubwa ya ufaulu darasa la saba ichukue kombe na mabati ya kuezekea. Wenzangu wanaona hakuna cha kujadili. Mimi nasita, ila nikitaka kueleza kwa nini, nakosa maneno.
*Mjumbe, Iramba*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Una haki ya kusita. Nilikuwa mwalimu mkuu miaka 14, na kombe la namna hiyo nimelipokea kwa mikono yangu hii. Mwaka huo watahiniwa wangu walikuwa 41, wakafaulu 39. Vigelegele vikapigwa. Hakuna aliyeuliza ilikuwaje darasa hilohilo, lilipokuwa la nne, likawa na watoto 68.

Sita walihama na wazazi wao. Wengine niliwarudisha darasa mimi, kwa kuwa majaribio yalionyesha wangenishusha. Mama mmoja alikuja ofisini mvua ikinyesha, kanga imemlowa, akaomba binti yake aachwe afanye mtihani, hata akifeli basi. Nikamwambia arudie mwaka mmoja kwanza. Binti hakurudi tena shuleni. Hakuna karatasi iliyoandika kwamba huyo amefeli, na asilimia yangu ikabaki 95.

Wala si mimi peke yangu. Mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa ulipoanza mwaka 2013, shule zilipangwa kwa ufaulu na kupewa rangi: kijani, njano na nyekundu. Watafiti waliofuatilia walikuta kwamba shule zilizokuwa mkiani wilayani mwao zilipandisha alama kweli, na hilo ni jema. Lakini walikuta pia kwamba katika shule hizo watoto waliofika kwenye mtihani walipungua. Sekondari nako zipo shule zinazowasajili wanafunzi dhaifu kama watahiniwa wa kujitegemea, ili wasiharibu wastani wa kituo. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora. Mimi nilifurahi.

Sisemi mtihani utupwe. Mzazi ana haki ya kujua kama mtoto wake anajua hesabu. Badilisheni kigawanyo tu: waliofaulu wagawanywe kwa walioandikishwa darasa la nne miaka mitatu nyuma, ukiwatoa wenye barua za uhamisho na kuwaongeza waliohamia. Mimi ningebaki na 39 kwa 62, yaani asilimia 63. Shule jirani, ambayo siku ile ilikaa nyuma kabisa ya hema, ilikuwa na watoto 88 darasa la nne. Wakafanya mtihani 84, wakafaulu 63. Kwa hesabu ya kombe walipata asilimia 75. Kwa hesabu hii ninayokupa wanapata 72, na kombe lilikuwa lao.

Shule yenye watahiniwa 20 ipimwe kwa wastani wa miaka mitatu, maana mtoto mmoja tu akiugua siku ya mtihani, asilimia tano zimekwenda. Na zile za bweni zinazowachuja watoto kwa usaili kabla ya kuwapokea zisishindanishwe na yenu, inayompokea kila anayeletwa.

Kikao kikifika, omba kila mwalimu mkuu aje na daftari la uandikishaji pamoja na matokeo. Atakayesema hiyo ni kazi kubwa, mwambie mimi niliifanya mwaka niliostaafu, nilipokuwa nakabidhi ofisi. Ilinichukua nusu saa.