Gemu za PS1 zinazogoma kwenye PSP: pima faili kwanza, mashine baadaye

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili ili nisikujibu juu juu. Umesema una PSP-3000 yenye femwea (programu ya msingi ya mashine) 6.60 PRO, ile isiyo ya Sony, umegeuza gemu zako za PS1, yaani PlayStation ya kwanza, kuwa EBOOT, faili ambalo PSP inalifungua kama gemu, na kila moja imekuja na ugonjwa wake. Crash Team Racing ya Ulaya inaganda palepale kila mara. WipEout inakwenda vizuri ila haina muziki. Final Fantasy VII ikiomba diski ya pili ndiyo mwisho wa safari. Na tangu jana betri ilipokwisha, gemu zote zinaandika kwamba data zimeharibika. Kuna mdau amekushauri ufute femwea na kuiweka upya. Nakuomba usifanye hivyo. Kuandika femwea halafu umeme au betri ikakata katikati ndiyo njia ya haraka ya kuiua PSP nzima, na katika matatizo yako yote manne hakuna hata moja linalotibiwa na kazi hiyo.

Hilo la jana ndilo jepesi, tulimalize. Kwenye PSP-3000, femwea ya PRO haikai ndani ya mashine moja kwa moja. Ukiilaza PSP inabaki, lakini ukiizima kabisa au betri ikiisha, inaondoka, na mashine inawaka na femwea ya kiwandani. Hiyo ya kiwandani haitambui EBOOT uliyojitengenezea, ndiyo maana inakuambia data zimeharibika au inakurushia namba 80020148. Hakuna kilichoharibika. Nenda kwenye menyu ya Game, fungua Fast Recovery, ndiyo inayoirudisha PRO, skrini itazima na kuwaka tena, gemu zako zitakuwa hai. Mimi hili nililijua kwa machungu. Mara ya kwanza kunitokea nilifuta gemu sita zilizokuwa nzima, pamoja na sevu zake, nikakesha nikizigeuza upya. Sevu zile hazikurudi, na moja ilikuwa ya mdogo wangu aliyekuwa amebakiza kidogo tu amalize. Mpaka leo nikiona mtu anaambiwa "futa, weka upya" huwa siwezi kunyamaza.

Sasa twende kwenye kiini. PS1 ilitoka Japani Desemba 1994 ikiwa na prosesa ya MIPS R3000A ya karibu MHz 33.9. PSP ilitoka miaka kumi baadaye, Desemba 2004, nayo ina prosesa ya ukoo huohuo wa MIPS inayofika MHz 333. Na emuleta (programu inayoiga PS1) inayoendesha gemu hizi, POPS, si kazi ya mtu wa pembeni aliyebahatisha: Sony wenyewe waliiweka ndani ya PSP kuanzia femwea 3.00 ya mwaka 2006, walipoanza kuuza gemu za PS1 za kupakua. Kwa hiyo gemu ikigoma, uwezekano mkubwa ni kwamba tumeipa POPS kitu kilichopungua. Kwa uzoefu wangu, gemu nyingi hufia kwenye kompyuta kabla hata hazijagusa memori kadi.

Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachofanya ni kuchukua kikokotoo. Diski ya PS1 imegawanywa katika sekta, na kila sekta nzima ina baiti 2352. Bonyeza kulia kwenye faili la bin, yaani nakala ya diski iliyoko kwenye kompyuta, angalia ukubwa wake kwa baiti kamili, si kwa megabaiti, kisha gawanya kwa 2352. Jibu lazima liwe namba kamili isiyo na baki. Likija na desimali, faili limekatika: ama upakuaji haukumalizika, ama diski ilikuwa na mikwaruzo na usomaji ukaishia njiani. Usiendelee kugeuza hilo faili, unapoteza muda.

Usishtuke ukiona bin ni kubwa kuliko "MB 700" zilizoandikwa kwenye CD. Diski ya dakika 74 ina sekta 333,000. Ukizisoma nzima unapata baiti 783,216,000. Ukitengeneza ISO ya kawaida inayochukua baiti 2048 tu kwa kila sekta, unapata 681,984,000. Watu wengi huona ISO ni ndogo wakafurahi. Zile baiti zilizoachwa si takataka. Sauti za video za katikati ya gemu na sauti nyingine nyingi za PS1 zimewekwa kwenye sekta za aina nyingine, zenye data zaidi ya 2048, na muziki wa CD hauingii kabisa kwenye ISO. Matokeo yake ni gemu inayowaka, inaonyesha nembo, halafu inakufa skrini nyeusi pale video ya kwanza inapotakiwa kuanza. Ukiona dalili hiyo, rudi kwenye diski yako, isome upya kwa ImgBurn au programu unayoiamini, utoe bin na cue, faili dogo la maandishi linaloorodhesha traki za diski. Kama diski imechakaa, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda pembeni, na upunguze kasi ya kusoma. Nimewahi kuokoa diski iliyokataa mara tatu kwa kushusha kasi tu.

Crash Team Racing yako ni kesi nyingine, na hii ndiyo iliyonisumbua kuliko zote kwa sababu kwenye nakala yangu faili lilikuwa zima. Nilipima, baki sifuri. Nikageuza mara tano, nikabadilisha memori kadi, nikajaribu kwenye PSP ya rafiki. Inaganda palepale. Hiyo "palepale" ndiyo ufunguo wenyewe. Kadi mbovu mara nyingi huleta vurugu zisizo na mpangilio. Gemu inayoganda mahali pamoja, kila siku, kwenye mashine mbili, inakuambia kwamba kuna kitu inakitafuta hapo na haikipati.

Kitu hicho ni ufunguo wa LibCrypt. Baadhi ya gemu za Ulaya ziliwekewa kinga dhidi ya kunakiliwa: ufunguo wa biti 16 umefichwa kwenye chaneli ya pembeni ya diski, nje ya zile baiti 2352 tulizozipima. Ndiyo maana kikokotoo kilisema faili ni zima na bado gemu ikagoma. Bin ya kawaida haibebi chaneli hiyo, kwa hiyo nakala yako, hata iwe safi namna gani, haina ufunguo. Gemu inauliza, inakosa jibu, inajifunga. Crash Team Racing ya Ulaya imo, Final Fantasy VIII na IX za Ulaya zimo, MediEvil ya Ulaya imo. Za Marekani hazina kinga hii.

Utajuaje diski yako ni ya wapi? Soma herufi zilizochapwa kwenye diski. SCES au SLES ni Ulaya, SCUS au SLUS ni Marekani, SLPS, SLPM au SCPS ni Japani. Ukikuta ni ya Ulaya na imo kwenye kundi hilo, dawa ni kiraka cha PPF, faili dogo la kurekebisha bin, kilichotengenezwa kwa toleo lako hasa, unakibandika kwenye bin kabla ya kugeuza. Narudia, kabla. Ukishageuza kuwa EBOOT data imebanwa na kupangwa upya, kiraka hakitapata mahali pake. Na tunza bin ya asili kwenye folda nyingine, maana kiraka cha toleo la Kijerumani kikibandikwa kwenye toleo la Kiingereza kinaweza kuharibu faili kimyakimya.

Kama una njia ya kupata diski halisi ya Marekani, mimi ningechukua hiyo. Mbali na kukosa kinga, imetengenezwa kwa TV zinazochora skrini mara 60 kwa sekunde, wakati ya Ulaya ni mara 50. Kwenye gemu ya mashindano ya magari utaiona tofauti kwenye kona ya kwanza tu.

WipEout sasa. Gemu za mwanzo za PS1 kama hii ya 1995 na Ridge Racer ziliweka muziki wake kama nyimbo za kawaida za CD, nyuma ya traki ya data. Ukiiweka diski ya WipEout kwenye redio ya CD, ukaruka traki ya kwanza, muziki unapiga. Ridge Racer ilijipakia yote kwenye kumbukumbu ya PS1, hivyo ungeweza kuitoa diski na kuweka CD yako ya muziki, ukashindana ukisikiliza nyimbo zako mwenyewe. Kaka yetu mmoja mwenye kibanda cha gemu Tanga alikuwa anafanya hivyo na taarab, na sisi watoto tuliamini ni uchawi.

Tatizo linaanzia hapo. Ukisoma diski ya namna hii unaweza kupata bin moja au bin nyingi, moja kwa kila traki, na cue inayoziunganisha. Ukichagua bin ya kwanza peke yake, umechukua gemu ukaacha muziki. Fungua cue kwa programu ya kuandikia maandishi ya kawaida, hesabu mistari ya TRACK. Ukiona ya kwanza ni MODE2/2352 na zinazofuata ni AUDIO, basi jua ni gemu ya aina hii. Hata ukizikusanya traki zote, bado POPS inataka muziki huo uwe umegeuzwa kuwa ATRAC3, muundo wa sauti wa Sony. Zana ya zamani niliyokuwa naitumia haikunifanyia kazi hiyo, nikacheza kimya kwa miezi. Baadaye nilihamia pop-fe, ambayo inasoma cue, inazigeuza traki za sauti, na kutoa EBOOT yenye muziki wake. Siku niliposikia muziki wa mwanzo ukipiga kwenye spika zile ndogo za PSP niliwaita watu wa nyumbani waje wasikilize.

Final Fantasy VII ina diski tatu, na kosa lako, nadhani, ni kuzigeuza moja moja, ukapata EBOOT tatu. Kila moja inajiona ni gemu inayojitegemea, haijui wenzake wako wapi. Zigeuze zote tatu kwa pamoja ndani ya EBOOT moja, muundo unaruhusu hadi diski tano. Gemu ikiomba diski ya pili, bonyeza kitufe cha PS (kwenye PSP za zamani ni HOME), utaona chaguo la kubadili diski. Hapohapo angalia namba ya gemu unayoiweka wakati wa kugeuza. PSP hutumia namba hiyo kutengeneza folda ya sevu ndani ya PSP/SAVEDATA. Ukiacha gemu mbili tofauti na namba moja ya mfano, zitachangia memori kadi zilezile za kufikirika, kila kadi ikiwa na bloki 15, na siku utakapofuta sevu za moja umefuta na za nyingine. Kila gemu ipewe namba iliyochapwa kwenye diski yake.

Memori kadi yenyewe nayo ichunguze, hasa kama ulinunua mtaani. Mimi niliuziwa iliyoandikwa GB 16 ambayo baada ya muda ilianza kumeza mafaili: EBOOT inakopika bila kulalamika, ukiifungua ni tupu. Hamisha kilichomo, endesha H2testw, programu ya kupima kadi, kwenye kompyuta, iache iandike na kusoma kadi nzima. Ikiripoti makosa, itupe. Ikiwa nzima, iformati ndani ya PSP, si kwenye kompyuta. Na usibane EBOOT mpaka daraja la 9 ili kuokoa nafasi. Kwenye kadi yangu ya polepole video zilikuwa zinakwamakwama, nikashusha mpaka 0 zikanyooka.

Popsloader, ile plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya kuchagua emuleta ya femwea ya zamani, iache mpaka mwisho. Kuna gemu chache ambazo kweli hukubali toleo moja la POPS na kukataa jingine, lakini nimeona watu wengi wakijaribu matoleo yote kwa faili lililokatika. Kabla yake, fungua seplugins/pops.txt, zima plagini zote kwa kuweka 0 badala ya 1, washa upya, jaribu. Plagini ya kupiga picha za skrini iliwahi kunigandishia Tekken 3 wiki nzima.

Kwa hiyo usiku huu chaji betri, endesha Fast Recovery, halafu nakili folda nzima ya SAVEDATA kwenye kompyuta kabla ya jambo lingine lolote. Kisha niandikie hapa vitu vitatu: ukubwa wa bin ya Crash Team Racing kwa baiti kamili, herufi na namba zilizochapwa kwenye diski yake, na maandishi yote yaliyomo kwenye cue ya WipEout. Kesho nikitoka kazini nitapiga hesabu na kukuambia kiraka kipi kinafaa.