Kufanyiwa opareshini ya moyo utotoni si mwisho wa kliniki

Mdogo wangu, umesema ulifanyiwa opareshini ya tundu la moyo ukiwa na miaka mitano, kliniki ukaiacha ukiwa darasa la nane, na sasa una miaka 26 na ukipanda kilima cha feri pale Likoni lazima usimame katikati upumue. Nyumbani wanakwambia ni unene na joto. Na posa imeshaletwa, hujui useme au unyamaze. Nimekusoma mara mbili, nikaona nisilale kabla ya kukujibu, kwa sababu njia hiyo nimeipita.

Mimi nilizaliwa na tetralojia ya Fallot. Ni kasoro nne kwa pamoja: tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, njia nyembamba ya damu ya kwenda mapafuni, mshipa mkuu uliokaa juu ya lile tundu, na ukuta wa chumba cha chini cha upande wa kulia ulionenepa kwa kusukuma sana. Nikicheza na wenzangu Kibokoni nilikuwa nikikimbia kidogo tu, nachuchumaa. Watu wakidhani ni deko. Kumbe kuchuchumaa kunabana mishipa ya miguu, damu nyingi zaidi inapita mapafuni, na mtoto anapata nafuu. Hakuna aliyenifunza. Nilitengenezwa India nikiwa na miaka sita, na tuliporudi bibi alichinja mbuzi, kila mtu akasema mtoto amepona.

Neno hilo "amepona" lilinipotezea miaka 14. Nilipofika 15 kliniki ya watoto waliniambia nimeshakuwa mkubwa, nisirudi tena kwao. Hawakuniambia niende wapi. Basi nikaenda nyumbani.

Ambalo hatukuelezwa ni hili. Ili kuipanua ile njia nyembamba, mara nyingi daktari hulazimika kuikata vali ya mapafuni, yaani kile kilango kinachozuia damu kurudi nyuma, nayo hubaki ikivuja. Kila pigo la moyo, damu kiasi inarudi ilikotoka. Utotoni huhisi kitu. Lakini kile chumba cha upande wa kulia kinatanuka pole pole, mwaka baada ya mwaka, na kikishatanuka sana pumzi inapungua na mapigo huanza kwenda ovyo. Mimi ilinishika Ramadhani, natoka tarawehe: moyo ukakimbia wenyewe, macho yakaingia kiza, nikashika ukuta. Hospitali ya kwanza niliyokwenda waliniambia ni wasiwasi, wakanipa dawa ya vidonda vya tumbo. Kovu kifuani waliliona. Hakuna aliyeliuliza.

Kwa hiyo ukifika, usiseme "nachoka." Sema: "Nilifanyiwa opareshini ya moyo utotoni, sijapimwa tangu shule ya msingi." Maneno hayo ndiyo yaliyonifikisha kwa daktari wa moyo, nikapimwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) na ECG (kipimo cha umeme wa moyo), kisha MRI, picha ya mashine ya sumaku, Nairobi. Anzia hospitali kuu pale Makadara, Mombasa, au popote penye daktari wa moyo, na hakikisha SHA yako, ile bima ya afya ya serikali, imelipiwa. Ukizimia, au moyo ukikimbia usitulie, hiyo si ya kungoja kliniki. Nenda emajensi saa hiyo hiyo.

Nikiwa na miaka 30 niliwekewa vali mpya. Nilimuuliza daktari mbele ya mume wangu, ni ya mnyama gani? Akanijibu vizuri tu kwamba kuna za ng'ombe na kuna za nguruwe, na yangu ingekuwa ya ng'ombe. Uliza, usione haya. Leo kile kilima cha feri nakipanda na kapu la sokoni, Alhamdulillah. Vali nayo huchakaa, huenda baada ya miaka 10 au 15 ikataka nyingine, ndiyo maana kila mwaka narudi kupimwa. Meno nayatunza kama mboni ya jicho, kwa sababu vijidudu vya kinywani vikiingia kwenye damu vinaweza kukaa kwenye vali, na kabla ya kung'olewa jino lazima nimeze antibiotiki. Wewe muulize daktari kama inakuhusu. Kuhusu saumu pia, ongea naye kabla ya mwezi kuandama, hasa kaskazi inapopiga na ukiwa unatumia dawa.

Sasa posa. Mwambie. Mwambie wewe mwenyewe, si shangazi wala somo. Mimi nilimwambia wangu tumekaa bustani ya Mama Ngina pale baharini, na alichouliza ni kama inauma. Wengi waliotengenezwa kama sisi huzaa salama, ila moyo upimwe kabla ya kushika mimba, kwa sababu mimba humwongezea moyo kazi sana. Na mtoto naye apimwe moyo angali tumboni, karibu na wiki ya 20. Wangu wawili walipimwa, wako salama. Mkianza kupanga uzazi pia uliza kwanza, si kila kidonge kinatufaa.

Lakini kabla ya yote hayo, ile barua ya opareshini. Mama yangu aliiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa, na daktari alipoisoma alijua walichonifanyia bila kubahatisha. Muulize mama usiku huu yako iko wapi, ipige picha, kisha uniandikie. Kama huna wa kukusindikiza, nitakuja mimi.