Fadhili Zake ni za Milele: Namna ya Kuuitikia Upendo wa Mungu Usiobadilika

Tangu nilipochaguliwa kuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu hapa Morogoro, swali ninaloulizwa mara nyingi na washarika wanaopita katika shida si kama Mungu yupo, bali kama bado anawapenda. Huliuliza kwa sauti ya chini, wengine wakishaondoka, na karibu kila mara nyuma yake kuna jambo lililoharibika: kazi imekwisha, ndoa imetikisika, mtoto haponi. Ninaandika kwa ajili yao, na ninaandika kama mtu aliyewahi kuishi na swali hilo hilo nyumbani kwake.

Mume wangu alipoachishwa kazi pamoja na wenzake baada ya kiwanda chao kufungwa, mama mkwe wangu alikuwa tayari amelala kwa kiharusi, na ada za watoto zilikuwa zinadaiwa. Katika kipindi hicho mhubiri mmoja alituambia mbele ya watu kwamba milango haifungwi hivi hivi, kwamba Mungu ametupa kisogo, na kwamba tutoe sadaka nzito ili atuangalie tena. Maneno hayo yaliniumiza kuliko ukata wenyewe. Ukata mtu anaweza kuuvumilia akijua kwamba Baba yake yupo upande wake. Lakini kuambiwa kwamba Baba mwenyewe ameondoka, tena hurudi kwa malipo, ni kunyang'anywa kitu cha mwisho ulichobaki nacho.

Biblia haisemi hivyo. Kwa kinywa cha nabii Malaki Mungu anasema, "Kwa kuwa mimi, Bwana, sina kigeugeu, ndiyo maana ninyi hamkuangamizwa, enyi wana wa Yakobo." Ni vema kukumbuka kwamba hao walioambiwa hivyo hawakuwa watu waliostahili sifa: kitabu hicho hicho kinawakemea kwa kuleta madhabahuni wanyama vipofu na vilema, na kinawakemea wanaume kwa kuwatenda kwa hiana wake wa ujana wao. Paulo naye, katika Warumi 5:8, anasema Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Ikiwa upendo huo ulitangulia kabla hatujawa na jema lolote la kuuvutia, basi kazi iliyopotea au afya iliyodhoofika haiwezi kuwa ndiyo sababu ya kuuzima.

Ushauri wangu wa kwanza, ambao ndio ninaouona kuwa mzito kuliko yote, ni kwamba usiichukue hali yako ya leo kuwa kipimo cha upendo wa Mungu, iwe hali hiyo ni nzuri au ni mbaya. Wengi huona hatari ya upande mmoja tu. Yule anayesema "Mungu ananipenda, ndiyo maana biashara yangu inakwenda" amejenga juu ya msingi ule ule wa anayesema "Mungu amenichukia, ndiyo maana biashara yangu imekufa", na mambo yakigeuka atajikuta hana pa kusimama. Yale maneno tunayoyapenda ya Maombolezo 3, kwamba rehema za Bwana hazikomi na ni mpya kila siku asubuhi, yaliandikwa baada ya Yerusalemu kuangushwa na Wababeli na hekalu kuteketezwa, wakati watoto walikuwa wakizimia kwa njaa katika njia kuu. Mwandishi hafichi kilio chake hata kidogo. Sura hiyo inaanza na mtu anayesema kwamba ameongozwa gizani wala si nuruni. Hivyo basi, mwenye huzuni asilazimishwe kutabasamu kanisani ili aonekane ana imani. Anaweza kulia na kukiri uaminifu wa Mungu katika sala moja.

Pamoja na hayo, moyo husahau upesi, na ndiyo maana ninapendekeza Zaburi 136 iwe sala ya kawaida ya nyumbani. Ina mistari 26, na kila mstari unaishia kwa kiitikio "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Inaanzia kwenye uumbaji wa mbingu, jua, mwezi na nyota, inapita Misri na Bahari ya Shamu, inawataja wafalme Sihoni na Ogu, halafu, baada ya mambo hayo yote makubwa, inafika mahali panaponigusa kila mara: "Awapaye wote wenye mwili chakula." Sahani ya ugali imewekwa katika orodha moja na kugawanywa kwa bahari.

Katika jumuiya yetu tulianza kuisoma kwa zamu na kisha kuongeza mistari yetu wenyewe, kila mmoja akitaja jambo moja alilotendewa na wengine wakiitikia. Jioni moja, tukiwa tumekaa kwenye mikeka kwa mama mmoja mjane, mwenye nyumba alisema, "Aliyenipa unga jana, nilipokuwa nimeshakung'uta mfuko." Tuliitikia sote. Jirani aliyempelekea unga huo alikuwa amekaa hapo hapo karibu na mlango, akaitikia pamoja nasi bila kuinua uso. Jaribuni nyumbani, hata mkiwa wawili tu. Ila jambo linalotajwa liwe la wiki hiyo na liwe dogo kiasi cha kutajika, kwa sababu shukrani za jumla hazichukui muda kuwa maneno matupu.

Kuhusu sadaka nitasema kwa kifupi. Toa kwa sababu umependwa, si ili upendwe. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala kwa lazima. Anayekutisha ili ufungue mkoba amekwisha kuliacha andiko hilo.

Upendo usiobadilika huitikiwa hasa kwa upendo usiochoka. Kwetu watu hujaa msibani. Maturubai hufungwa, vyakula huletwa, nyimbo huimbwa. Kisha matanga yanaanuliwa na mfiwa hubaki na nyumba yake. Vivyo hivyo kwa mgonjwa wa muda mrefu: wiki za mwanzo wageni hukosa viti, baadaye hata simu hupungua. Mama mkwe wangu alipokuwa amelala, dada mmoja wa jumuiya aliendelea kuja Jumamosi wengine wote walipokwisha kuacha. Hakuja kutoa mafundisho. Alikuwa akifua kanga zake, akimkata kucha, akimgeuza ubavu wa pili ili asipate vidonda, na mimi nikapata nafasi ya kwenda sokoni. Kwa hiyo nakushauri uchague mtu mmoja ambaye shida yake imekwisha kuzoeleka, umwendee katika mwezi wa nne au wa tano wa shida hiyo, na uende tena.

Kuna anayeuliza: ikiwa Mungu habadiliki, kwa nini basi nijisumbue kuacha dhambi? Paulo alikwisha kulijibu hilo katika Warumi 6, na jibu lake ni hasha. Upendo wa Mungu haubadiliki, na kwa sababu hiyo hiyo haukubali kutuacha katika yanayotuharibu. Anayetubu haendi kumbembeleza mtu aliyemkasirikia daima, anarudi kwa aliyekuwa akimngoja.

Petro alilijua hilo. Alimkana Bwana mara tatu, na baada ya ufufuo, kando ya bahari ya Tiberia, alikuta moto wa makaa, samaki na mkate, na sauti ya Yesu ikimwita yeye na wanafunzi wenzake, "Njoni mfungue kinywa." Walikula kwanza, maswali matatu ya "wanipenda?" yalikuja baadaye, na kila jibu lilifuatwa na agizo la kuchunga kondoo. Nimejifunza kuufuata utaratibu huo ninapomtembelea msharika aliyeacha kuja ibadani. Usianze na daftari la mahudhurio wala bahasha ya ahadi. Peleka chochote cha kupika, kaa naye mle, muulize habari za watoto, na ukiondoka mwambie ni siku gani utapita tena.