Maswali yenu kuhusu Victim na sinema za Uingereza za wakati ule

Makala yangu iliyopita kuhusu sinema ya zamani ya Uingereza imeniletea maswali mengi, na karibu yote yamegota kwenye filamu moja: Victim ya mwaka 1961. Nimefurahi sana. Naipenda filamu hii kwa dhati, na natamani itazamwe hata na mtu asiyekubaliana nayo. Nimechagua maswali machache, yaliyofanana nimeyaunganisha.

Sijaiona bado. Inahusu nini, bila kunimalizia utamu? (Msomaji, Morogoro)

Barrett, kijana anayeshughulikia malipo ya wafanyakazi kwenye eneo la ujenzi London, anawakimbia polisi. Ameiba pauni zaidi ya 2,300 za mwajiri wake, lakini yeye mwenyewe hana kitu. Fedha zote zimeishia kwa watu wanaotishia kuanika uhusiano wake na mwanamume anayempenda, wakili Melville Farr. Farr ana mke, ana jina, na yuko mbioni kupandishwa kuwa Wakili wa Malkia, cheo cha juu cha mawakili. Kijana anampigia simu kuomba msaada. Farr anadhani ni yeye anayetaka kumkamua, anamkwepa. Barrett anakamatwa, anakataa kumtaja, anajinyonga mahabusu. Wakili anapogundua kwamba yule aliyemdhania adui alikuwa akimlinda, anaanza kuwasaka wenye vitisho, huku akijua kuwafikisha mahakamani ni kujianika yeye mwenyewe. Hapo ndipo filamu inapokolea, nami naishia hapo.

Sheria yenyewe ilisemaje? Watu walifungwa kweli au ilikuwa ya kutishia tu? (Msomaji, Nakuru)

Walifungwa. Uingereza ilikuwa na sheria kali dhidi ya mapenzi ya wanaume kwa wanaume tangu karne ya 16, lakini iliyowakamata wengi zaidi ni kifungu cha 11 cha sheria ya mwaka 1885. Muswada wenyewe uliletwa kuwalinda wasichana dhidi ya ukahaba. Mbunge Henry Labouchere akachomeka kipengele chake usiku, bunge likiwa karibu kumaliza kazi. Kipengele hicho kiliadhibu “kitendo cha aibu kubwa” kati ya wanaume, iwe hadharani au faraghani, kwa kifungo cha hadi miaka 2, pamoja na kazi ngumu au bila. Aibu kubwa ni ipi? Sheria haikueleza. Mwandishi Oscar Wilde alipata adhabu hiyo yote mwaka 1895.

Msako ulipamba moto tena miaka ya 1950. Mwaka 1952 Alan Turing, mtaalamu wa hesabu aliyesaidia kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajerumani wakati wa vita, alikwenda polisi kuripoti kwamba nyumba yake imevunjwa. Mahojiano yakageuka, na aliyeibiwa ndiye akashtakiwa. Alikubali kupewa homoni ili asiende jela, na mwaka 1954 akafariki. Mwaka 1953 mwigizaji John Gielgud, miezi michache tu baada ya kupewa cheo cha Sir, alikamatwa na kutozwa faini ya pauni 10. Mwaka 1954 Lord Montagu alihukumiwa miezi 12, na mwandishi wa habari Peter Wildeblood miezi 18.

Kesi hiyo ya Montagu ilizua manung'uniko kiasi kwamba serikali iliunda kamati chini ya John Wolfenden. Septemba 1957 kamati ikapendekeza kwamba wanaume wazima wanaokubaliana, faraghani, wasishtakiwe. Serikali ikaiweka ripoti kabatini. Victim ilitoka ripoti ikiwa bado humo kabatini, na ukiitazama ukiwa unalijua hilo utasikia kila mazungumzo yake kwa namna nyingine.

Shikamoo mwalimu. Nasoma filamu chuoni. Kwa nini nyota mkubwa kama Dirk Bogarde alikubali kuhatarisha jina lake? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu. Kwanza elewa alikuwa nani. Tangu Doctor in the House ya mwaka 1954, Bogarde alikuwa stelingi wa kampuni ya Rank, kijana mtanashati ambaye mabinti wa Uingereza walikata picha zake magazetini. Waigizaji wengine waliikwepa nafasi ya Farr. Hata nafasi ya mke wake, Laura, ilikataliwa na waigizaji kadhaa kabla Sylvia Syms hajaikubali, naye akaicheza vizuri ajabu.

Itafute ile sehemu ambapo Laura anambana mumewe sebuleni. Anataka kujua kwa nini aliacha kuonana na Barrett. Farr anazunguka, anajitetea kama wakili alivyozoea kujitetea, mpaka maneno yanamtoka: aliacha kumwona kwa sababu alimtaka. Kabla ya hapo, sinema ya Uingereza mara nyingi ilimwonyesha mwanamume wa aina hii kwa madoido ya mikono na sauti ili watu wacheke. Sasa uso uleule waliouzoea, wa mpenzi wa wanawake wote, ndio unaosema maneno hayo, na hakuna anayecheka. Mtu asiyejulikana angeweza kuyasema maneno yaleyale na yasingefika mbali kiasi hicho.

Wengi mmeuliza pia kuhusu maisha yake binafsi. Aliishi miongo kadhaa na meneja wake, Anthony Forwood, mpaka Forwood alipofariki mwaka 1988, na hakuwahi kutangaza lolote kuhusu nafsi yake. Alikuwa na haki hiyo, nami sitamsemea.

Bodi ya ukaguzi iliipitishaje? (Msomaji, Zanzibar)

Kwa cheti cha X, yaani si kwa walio chini ya miaka 16. Skripti ilipelekwa kwa bodi kabla kamera haijawashwa, na katibu wake, John Trevelyan, hakuikataa mada. Alichosisitiza ni uangalifu. Marekani ndiko ilikokwama: ofisi ya kanuni za filamu za Hollywood ilikataa kuipa idhini, ikaonyeshwa bila muhuri huo. Mojawapo ya sababu ni kwamba neno “shoga” lenyewe linatamkwa wazi, jambo ambalo sinema za Kiingereza zilikuwa hazijathubutu.

Mwongozaji Basil Dearden na mtayarishaji Michael Relph walikuwa na mbinu yao. Mwaka 1959 walitengeneza Sapphire, kisa cha mauaji ya msichana London, na kwa njia ya upelelezi wakazungumza juu ya ubaguzi wa rangi. Mwandishi alikuwa Janet Green, ndiye aliyeandika Victim pia, akishirikiana na John McCormick. Mtazamaji ananunua tiketi ya filamu ya polisi na wahalifu, na kweli anaipata. Ila katika Victim mhalifu anaishi kwa mgongo wa sheria. Bila kile kifungu, hana cha kuuza. Inspekta Harris analisema hilo waziwazi, na hata anataja kwamba kesi za vitisho kufikia 90 kwa 100 chanzo chake ni hiki. Msaidizi wake anapojinadi kuwa mtu wa maadili makali ya Kipuritani, yaani ya Wakristo wa zamani wa Uingereza wenye msimamo mkali, Harris anamkumbusha kwamba kuna wakati hata Upuritani ulikuwa kosa la jinai. Ni mstari mfupi, lakini kwangu ndio hoja nzito kuliko zote ndani ya filamu.

Mbona Farr hajafanya kosa lolote? Huoni kwamba walimsafisha shujaa ili watazamaji wamkubali? (Msomaji, Kampala)

Naona, na nakubaliana nawe. Farr ana mke, ana kisomo, ana nyumba nzuri, na zaidi ya yote amejizuia. Filamu inaomba huruma kwa mtu ambaye hata sheria ya 1885 ingepata shida kumtia hatiani. Huo ndio woga wake, na haufichiki.

Lakini usimtazame Farr peke yake. Mtazame Henry, kinyozi, aliyechezwa na Charles Lloyd Pack. Amekwishafungwa mara nne na hawezi kuistahimili jela tena katika umri wake. Anataka kuuza duka aende Canada. Hana cheo cha kupoteza, hana mke wa kumkinga, hana rafiki mkubwa wa kumpigia simu. Na yeye ndiye anayeeleza kwa maneno ya kawaida kabisa kwamba hakuchagua kuwa alivyo. Mtazame pia muuza vitabu. Watazame wale matajiri wenzake Farr walioona afadhali waendelee kulipa kimyakimya, wakimsihi asilete matata. Filamu inajua kwamba umaskini na utajiri havibebi sheria moja kwa uzito uleule. Ingekuwa kwangu, Henry angepewa nusu ya muda wa Farr.

Nimesikia kulikuwa na filamu mbili za Oscar Wilde mwaka mmoja. Kweli? (Msomaji, Muscat)

Kweli, na zilipishana siku chache tu, Mei 1960. Moja ni Oscar Wilde, ya rangi nyeusi na nyeupe, Robert Morley akiwa Wilde. Nyingine ni The Trials of Oscar Wilde, ya rangi, Peter Finch akiwa Wilde. Finch alipata BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, kwa kazi hiyo. Kama una muda wa moja, chukua ya Finch.

Je, wanawake wanaopendana nao walishtakiwa? (Msomaji, Eldoret)

Kipengele cha Labouchere kiliwahusu wanaume tu. Mwaka 1921 wabunge walijaribu kuwaingiza wanawake, Nyumba ya Malodi, yaani bunge la juu, ikakataa.

Watu husema Victim ndiyo iliyobadilisha sheria. Unaamini? (Msomaji, Bujumbura)

Peke yake, hapana. Kulikuwa na ripoti ya Wolfenden, kulikuwa na chama cha kudai mageuzi kilichoanzishwa mwaka 1958, na kulikuwa na wabunge waliorudi na muswada kila uliposhindwa. Lakini Lord Arran, aliyeusimamia muswada huo Nyumba ya Malodi huku Leo Abse akiusimamia Nyumba ya Makabwela, yaani bunge la chini, alimwandikia Bogarde baadaye kumshukuru kwa filamu ile. Mtu aliyehesabu kura kwa mkono wake naona ana haki ya kuaminiwa.

Sheria ilipita Julai 1967, na ilikuwa finyu. Iliruhusu watu wawili tu, wenye miaka 21 na zaidi, faraghani, England na Wales tu. Wanajeshi na mabaharia wa meli za biashara hawakuhusika. Faragha nayo ilifafanuliwa kwa ukali, na miaka iliyofuata kesi za “aibu kubwa” ziliongezeka. Scotland ilisubiri hadi 1980. Ireland ya Kaskazini hadi 1982, baada ya Jeff Dudgeon kushinda kesi yake katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Na wale waliokwisha kuhukumiwa? Turing alisamehewa mwaka 2013. Msamaha kwa maelfu ya wengine ulikuja mwaka 2017, wengi wao wakiwa wameshazikwa.

Hayo ni ya Waingereza. Sisi yanatuhusu nini? (Msomaji, Tanga)

Yanatuhusu kisheria kabisa. Kanuni za adhabu za Kenya na Tanganyika za mwaka 1930 ziliandikwa na maofisa wa kikoloni, na maneno ya Labouchere, hadharani au faraghani, yaliingia humo. Bado yamo. Mei 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliombwa kuyafuta ikakataa. Najua msomaji mwenzangu anaweza kuwa na msimamo tofauti na wangu, lakini anayesema sheria hii ni mila yetu anapaswa kujua kwamba kipengele hicho kilibuniwa Westminster, bungeni London, mwaka 1885.

Nianze na filamu ipi? (Wasomaji wengi)

Anza na A Taste of Honey, ya Tony Richardson, iliyotoka wiki chache tu baada ya Victim. Murray Melvin ni Geoffrey, kijana anayesomea ubunifu wa vitambaa. Amefukuzwa na mwenye nyumba, anahamia kwa Jo, msichana mjamzito aliyeachwa peke yake na mama yake. Anapika, anafagia, anaandaa vitu vya mtoto. Hakuna wakili, hakuna hotuba, na sheria haitajwi. Kuna mtu tu, maskini, anayehitajika mahali. Melvin na Rita Tushingham wote wawili walipata tuzo za uigizaji kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1962. Kisha weka Victim siku hiyohiyo. Kila moja haifiki saa mbili. Ukitoka kwa Geoffrey utamhukumu Farr kwa ukali zaidi, na nadhani anastahili.