Maswali yenu kuhusu kura ya Marekani

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu kura ya Marekani. Nazijibu kwa msimamo wangu wa siku zote: haki ya mtu haipimwi kwenye karatasi ya sheria, inapimwa pale anapokwenda kuitumia.

Sheria ya kuwalinda wapiga kura weusi ilipitishwa 1965. Mbona hadi leo wanalalamika? (Msomaji, Tanga)

Kwa sababu iling'olewa meno. Kabla yake, Alabama ilimtoza mpiga kura dola 1.50 kila mwaka, na miaka ambayo hakulipa iligeuka deni. Juu ya kodi kulikuwa na mtihani, na msahihishaji alikuwa karani mzungu. Katika wilaya ya Dallas, ulipo mji wa Selma, weusi walikuwa kama nusu ya wakazi, lakini walioandikishwa walikuwa takriban wawili katika kila mia. Machi 7, 1965 watu waliondoka Selma kwa miguu kuelekea Montgomery, mji mkuu wa Alabama, kudai haki ya kura, wakapigwa na polisi kwa virungu na mabomu ya machozi kwenye daraja la Edmund Pettus. John Lewis, mmoja wa viongozi wao, kijana wa miaka 25, alipasuliwa fuvu. Agosti 6 Rais Lyndon Johnson akatia saini sheria hiyo.

Nguvu yake ilikuwa kifungu cha 5. Majimbo na wilaya zenye historia ya ubaguzi hazikuruhusiwa kubadili utaratibu wa uchaguzi, hata kuhamisha kituo cha kura, bila kibali cha Wizara ya Sheria au mahakama ya Washington. Dhuluma ilizuiwa kabla haijatendeka. Mwananchi hakuhitaji kuhangaika na mawakili baada ya uchaguzi kupita. Juni 25, 2013 Mahakama ya Juu, majaji 5 dhidi ya 4, ilifuta kigezo cha kuyataja maeneo hayo, ikidai kimepitwa na wakati. Kifungu cha 5 kikabaki bila kazi. Jaji Ruth Bader Ginsburg alipinga: ni kama kuutupa mwavuli katikati ya mvua kwa kuwa hulowi. Namuunga mkono mia kwa mia. Texas haikungoja hata kuche. Siku hiyohiyo ilitangaza kwamba sheria yake ya vitambulisho, iliyokuwa imezuiwa, inaanza kutumika.

Hapa kwetu hakuna kura bila kitambulisho. Wenzetu wanalalamikia nini? (Msomaji, Nakuru)

Kitambulisho chenyewe hakina ubaya. Kenya ipo kadi ya taifa, na Tanzania tume yenyewe humpa mtu kadi ya mpiga kura anapojiandikisha, bila malipo. Marekani haina kitambulisho cha taifa. Wengi hutumia leseni ya udereva, na bibi kizee asiye na gari ataitafutia nini?

Halafu angalia kinachokubaliwa na kinachokataliwa. Sheria ile ya Texas ilikubali kibali cha kubeba bunduki, ikakataa kitambulisho cha mwanafunzi wa chuo kikuu. Alabama ilianza kudai kitambulisho chenye picha mwaka 2014. Mwaka uliofuata ikatangaza kufunga ofisi 31 za leseni, zikiwemo za wilaya za mashambani zenye weusi wengi. Kelele zilipozidi, ikakubali kuzifungua walau siku moja kwa mwezi. Siku moja! Serikali ikitaka karatasi kwa mwananchi, impelekee karatasi hiyo mpaka mlangoni kwake. Hilo ndilo tunalodai.

Ni kweli kumpa maji mtu aliye kwenye foleni ya kura ni kosa? (Msomaji, Mwanza)

Georgia, ndiyo, ndani ya futi 150 (kama mita 45) za jengo la kituo. Ni sheria ya Machi 2021. Swali kubwa zaidi ni kwa nini mtu asimame mpaka ashikwe na kiu. Uchaguzi hufanyika Jumanne, siku ya kazi, tangu sheria ya 1845, na anayelipwa kwa saa anaweza kukatwa ujira wake kwa kila saa anayosimama pale.

Meya wa New York alizaliwa Kampala. Anaweza kuwa rais? (Msomaji, Mukono)

Hapana, Katiba inamtaka rais awe raia wa kuzaliwa. Lakini Zohran Mamdani, ambaye baba yake Mahmood aliwahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alishinda Novemba 2025 kwa kuzungumzia kodi ya nyumba, nauli ya basi na malezi ya watoto. Mrengo wa kushoto ujifunze hapo.

Shikamoo mama. Mama yangu alitoka Kivu akiwa mkimbizi, sasa ni raia. Kiingereza hasomi. Naweza kuingia naye kupiga kura? (Msomaji, Louisville, Kentucky)

Marahaba mwanangu. Unaweza. Kifungu cha 208 cha sheria ile ya 1965, kilichoongezwa 1982, kinampa asiyeona, mwenye ulemavu au asiyeweza kusoma haki ya kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Huenda ukatakiwa kujaza fomu. Karani akisita, mtajie kifungu hicho kwa upole, umwombe amwite msimamizi.

Karatasi za Kiswahili msitegemee. Kifungu cha lugha, kilichoongezwa mwaka 1975, kinahusu Kihispania, lugha za Kiasia na za wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska tu. Kwa hiyo msomee mama kila jina, la unayempenda na la usiyempenda, kisha achague yeye. Msiishie kwa rais. Bodi ya shule na majaji wa wilaya huwa chini kabisa ya karatasi, na hao ndio wanaowagusa wajukuu zake.

Na majirani zenu ambao bado si raia waonye mapema. Tangu sheria ya 1993, ofisi za leseni humuuliza mteja kama anataka kujiandikisha kupiga kura. Asiye raia ajibu hapana, aangalie vizuri fomu kabla ya kutia saini. Akijaza kwamba ni raia, hata kwa kutoelewa, anaweza kurudishwa alikotoka.